Windows 10 imekatiwa sapoti: nibaki nayo, nipige 11, au hela iende kwingine? (mashine za steshenari)

Mtoa mada

Wakuu habari za muda huu, naomba mawazo kabla sijatoa hela.

Nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, tunachapa, tunatoa kopi, tunatengeneza kadi, tunajazia watu fomu za mkopo HESLB, maombi ya ajira, TIN, hayo mambo. Mashine ziko tatu, laptopu mbili HP EliteBook 840 G3 core i5 RAM 8 (moja ina SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, nyingine bado hadiski), halafu desktopu moja mkweche ya prosesa ya kizazi cha tatu RAM 4 ambayo ipo kwa ajili ya kuchapa tu. Zote Windows 10. Ile laptopu ya kaunta toka mwezi wa kumi mwaka jana inaniletea tangazo skrini nzima eti sapoti imeisha, mteja kasimama mbele yangu anasubiri fomu yake mimi nahangaika kulifunga.

Fundi wangu anasema nimpe elfu 20 kila mashine anipigie 11 zote jioni moja. Jamaa yangu mwingine anasema nisiguse kitu, 10 ndo window ya mwisho ya maana. Wengine wananiambia Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Nifanyeje, na je kuna hatari kweli au ni Microsoft wanataka tununue mashine mpya?

bandoLaMwisho

Kaa na 10 yako mkuu. Sapoti kuisha haiizimi mashine, itawaka kesho na mwakani itawaka. XP ilikatwa Aprili 2014 na mpaka leo kuna ofisi ukiingia unakiona kile kilima cha kijani kwenye skrini. Windows 7 ikakatwa Januari 2020 watu wakalia hivi hivi, nani alikufa? 11 nzito, start wameipeleka katikati, ukibonyeza kulia nusu ya vitu wamevificha, na inakulazimisha akaunti ya Microsoft hata kama unataka kuchapa barua ya likizo tu.

shotiKati

Mkuu hapo juu anakupa moyo tu. Windows 7 watu hawakuihama kwa kupenda, programu ndo ziliwahamisha. Chrome iliiacha kuanzia toleo la 110, Februari 2023, baada ya hapo kila ukifungua kitu unaambiwa browser yako ya zamani. 10 nayo inaelekea huko huko.

Chukua flashi ya GB 8, daunlodi Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kupigia window), ipe ISO ya 11 (faili lake la kuinstolia), itakuuliza kama uondoe masharti ya TPM na Secure Boot (vitu vya ulinzi ndani ya mashine) na RAM, weka tiki, piga. Nimepiga mpaka kizazi cha pili na zinadunda. Elfu 60 ya fundi ya nini sasa.

mamaKopi

Na mimi nina steshenari kaka yangu, nikwambie ambacho hawa hawatakwambia. Kabla ya window uliza printa. Nilikuwa na skana yangu ya siku nyingi inafanya kazi safi kwenye 10 ya 32-bit, na 11 haina 32-bit kabisa, ni 64 tu, draiva ya zamani haiingii hata uipigie magoti. Mashine ilibadilishwa window asubuhi na mchana tukaanza kutafuta skana ya kununua. Kwahiyo nenda kwenye kila printa yako angalia kama draiva yake ya 64-bit ipo, ndo uongee na fundi.

Halafu kama kadi zenu za harusi na sendoff mnatengenezea Publisher kama sisi, jua kwamba Microsoft wametangaza Publisher inaondolewa Oktoba 2026. Hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko hiyo ya 11, nina mafaili ya Publisher ya miaka na miaka, wateja wanarudi wanataka "ile ile ya kaka yangu badilisha majina tu".

bandoLaMwisho

Publisher inaondolewa????? Asee

kizaziChaNane

Wakuu mnabishana 10 na 11 na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jamaa swali lenyewe: hizo mashine zake zinapokea apdeti au hazipokei? Maana sapoti ni hiyo tu, hakuna kitu kingine ndani yake. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft wanatoa viraka vya matundu ya usalama yaliyogunduliwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 waliacha kuvitoa bure kwa 10. Sasa kama mashine yako vilikuwa haviingii toka zamani, basi kwako hiyo tarehe haina maana yoyote, wewe ulishakatwa siku nyingi na hukupewa tangazo.

Mtakumbuka WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, Mei 2017, hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa nyumbani. Watu wengi mpaka leo wanasema ilikula XP. Wengi walioliwa walikuwa Windows 7, na 7 wakati ule ilikuwa bado inapata viraka vya usalama! Kiraka kilitoka Machi, miezi miwili kabla, watu hawakuweka. Walikuwa na window yenye sapoti na bado wakapigwa.

Kwa hiyo mtoa mada kabla ya yote fanya hivi kwenye kila mashine. Shika kitufe cha Windows na R, andika winver, Enter. Kitakuja kiboksi kidogo kimeandikwa Version hivi na OS Build hivi. Tuletee namba zote, na zile za baada ya nukta usiziache, hizo ndo zinasema ukweli. Kama ni 10 ya mwisho kabisa utaona 22H2 na build 19045. Apdeti ya bure ya mwisho, ile ya Oktoba 14, ilifikisha 19045.6456. Ukiwa chini ya hapo hata za bure hukuzimaliza.

shotiKati

Mkuu umeandika gazeti lakini mwisho wa siku 11 ina apdeti na 10 haina. Si apige 11 yaishe?

kizaziChaNane

Haiishi hivyo shoti. Hizo G3 zina i5 ya kizazi cha sita (i5-6200U au 6300U, hiyo namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi). 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu kwa Intel, ukiacha prosesa chache sana za saba. Ukiipitisha kwa Rufus itaingia, sikatai, na apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinakuja, ingawa Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine isiyotimiza vigezo haina haki ya kudai apdeti. Tatizo ni lile toleo la mwaka. Windows 11 kila mwaka ina toleo jipya, na kila toleo kwa Home na Pro linahudumiwa miezi 24 tu. Mashine halali inasogezwa yenyewe. Ya Rufus haisogezwi, inabaki pale pale ulipoiacha mpaka mtu aje na ISO mpya aipige juu yake.

23H2 ilikufa tarehe 11 Novemba 2025. Yaani sa hivi kuna watu kibao wana 11 mezani, start ipo katikati, wanajiona wa kisasa, na hawapati kiraka hata kimoja, wakati mtu mwenye 10 aliyejiandikisha ile nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka anapata kila mwezi. Nani yuko salama hapo?

Uliyempigia kizazi cha pili ulirudi kumwekea toleo jipya?

shotiKati

Sijarudi

mtuWaNairobi

Hii maneno ya kizaziChaNane imenigonga vibaya. Niko Nairobi, nilinunua laptopu ex-UK, muuzaji akaniambia boss hii ni Windows 11 genuine, nikafurahi. Nimefanya hiyo winver saa hii, iko 22631, alafu prosesa ni kizazi cha nne. Kumbe 22631 ndio 23H2? Na nikienda kwa Windows Update inaniambia tu "You're up to date".

kizaziChaNane

Ndio yenyewe hiyo ndugu. Inakwambia uko sawa kwa sababu hakuna kingine cha kukupa kwenye hilo toleo. 24H2 ni build 26100, 25H2 ni 26200. Kizazi cha nne kinaipokea 24H2 ukipitisha kwa mkono, kwa sababu wanachotaka pale kwa lazima ni maelekezo ya prosesa ya SSE4.2 na POPCNT na hayo Intel walianza kuyaweka toka Core i za kwanza. Mwenye Core 2 Duo, prosesa za kabla ya hizo, huyo ndo imekula kwake, haiwaki kabisa, na hapo Rufus haina msaada.

ughaibuniKidogo

Mimi niko Ujerumani, huku kelele zilikuwa nyingi, vyama vya kutetea walaji vikawabana Microsoft, matokeo yake nchi za eneo la uchumi la Ulaya tumepewa ule mwaka mmoja bure kabisa, unachotakiwa ni kuingia na akaunti ya Microsoft na usikae zaidi ya siku 60 bila kuingia tena. Huko nyumbani masharti ni tofauti kidogo, mweleze vizuri asije akalipia bila sababu.

kizaziChaNane

Asante mkuu, nilikuwa nakuja huko. Hiyo nyongeza inaitwa ESU (Extended Security Updates). Inakufikisha tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa sisi tulio nje ya Ulaya kuna njia ya dola 30, na kuna njia ya kutolipa: unawasha Windows Backup ikusevie setingi zako kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Setingi tu zinatosha, huna haja ya kupandisha mafaili yako yote, zile GB 5 za bure hutazimaliza na bando lako litapona. Unaingia Settings, Windows Update, utakuta maandishi ya Enroll now. Lazima iwe 22H2, lazima uwe admin na uwe na akaunti ya Microsoft. Leseni moja inabeba mpaka mashine 10 za akaunti hiyo hiyo, kwahiyo jamaa hata akilipa hizo dola 30 analipa mara moja tu.

Kuna wataokwambia biashara inalipa dola 61 kwa mashine na kila mwaka bei inazidi mara mbili. Hiyo ni ya makampuni, mashine zilizofungwa kwenye domain (mtandao wa kampuni) au zinazosimamiwa na idara ya IT. Zako ni laptopu za kaunta.

Mtoa mada

Wakuu nimerudi, samahani jana ilikuwa foleni ya fomu. Nimefanya winver zote tatu na majibu yenyewe yamenichanganya.

Laptopu ya kaunta (yenye SSD): 22H2, 19045.6456.
Laptopu ya pili: 22H2, 19045.2965.
Desktopu: Version 1909, 18363.418.

Desktopu nilipoingia Windows Update imeandika eti kuna hitilafu, nikafuata maelekezo ya mtandaoni nikafungua Services, Windows Update imewekwa Disabled. Sijawahi kuigusa mimi. Na ile laptopu ya pili ni hivyo hivyo.

kizaziChaNane

Ndo nilichokuwa nasema. Ya kaunta ilifika mwisho wa bure kabisa, ndo maana ndo hiyo pekee inakuletea tangazo, zile nyingine zimenyamaza kwa sababu hazina habari. Hiyo 2965 ni apdeti ya Mei 2023, maana yake toka hapo haijapata kitu. Na 418 ya desktopu ndo namba 1909 iliyotoka nayo mwaka 2019, kwahiyo toka imepigwa window haijaonja kiraka. Na 1909 kwa Home na Pro ilishafungwa 11 Mei 2021.

Mafundi wengi wanaizima makusudi, na wana sababu zao mbili. Ya kwanza ni bando, mteja analalamika mashine inakula MB, fundi anazima, mteja anashukuru. Ya pili ni kraki. Wamekuwekea ile programu ya kuaktiveti Windows bila leseni, wanajua Defender (antivirus ya Windows yenyewe) ikipata apdeti itaiona na kuiandikia AutoKMS na kuifuta, wiki ijayo mteja anarudi na maandishi ya "Activate Windows" pembeni ya skrini. Kwahiyo wanazima apdeti, wakati mwingine na Defender yenyewe wanaizima. Hao hao ndo wanakuja kukwambia 10 imekuwa hatari lipa elfu 20.

mamaKopi

Hapo kwenye Defender kuzimwa ndo ile unachomeka flashi ya mwanafunzi mafolda yote yanageuka shortcut, halafu anakwambia dada flashi yangu ilikuwa nzima kabla haijaingia kwako. Steshenari ni kama kituo cha daladala, kila flashi inapita.

bandoLaMwisho

Mimi nauliza kitu kimoja, kwani Defender si wamesema itaendelea kwenye 10? Kama antivirus ipo apdeti za nini tena.

kizaziChaNane

Ipo kweli, taarifa za virusi za Defender zitaendelea kuja kwenye 10 mpaka Oktoba 2028, na Microsoft 365 nayo itapata viraka mpaka mwaka huo huo. (Office 2016 na 2019 hazimo, hizo zilifungwa siku moja na Windows 10, watu wengi haijawafikia hii.) Lakini Defender inakamata faili inayoijua. Tundu ndani ya Windows yenyewe haliwezi kuliziba, anayepita hapo hahitaji hata ubonyeze kitu. WannaCry ilikuwa inaruka mashine hadi mashine kwenye mtandao mmoja bila mtu kufungua faili. Na jamaa mashine zake tatu ziko kwenye wifi moja, mkweche wa 2019 umekaa pembeni ya laptopu ambayo watu wanaingiza nywila zao za HESLB na TRA. Za wateja hizo, wala sio zake.

mzeeWaMint

Sasa mniruhusu. Ile desktopu weka Linux Mint. RAM 4 inaiweza, wanapendekeza 4 na inawaka hata na 2, toleo la 22 lilitoka 2024 linahudumiwa mpaka 2029, hakuna kraki, hakuna akaunti, na hao virusi wa shortcut hawawezi kukimbia humo. Kuchapa kuna LibreOffice. Mtajizungusha na Microsoft mpaka lini.

mamaKopi

Babu LibreOffice naijua. Mwanafunzi analeta "research" ya kurasa 90 ameitengeneza kwenye Word, ukiifungua huko jedwali linatoka pembeni, namba za kurasa zinajipanga upya, fonti imebadilika kwa sababu Times New Roman haipo. Anakwambia msimamizi atairudisha. Nani atakaa kupanga upya kurasa 90 kwa shilingi 100 ya kurasa?

mzeeWaMint

Fonti za Microsoft unaziinstoli dakika mbili. Jedwali nakubali kuna siku linasumbua. Kama kazi ya desktopu ni kuchapa kitu kipya toka kwenye karatasi ya mkono halafu unasevu PDF na kuprinti, haitakusumbua. Kazi iliyokuja na flashi ifungue kwenye laptopu.

kizaziChaNane

Hapo nakubaliana na mzee, kwa hiyo desktopu Mint ni sahihi kuliko 11 ya Rufus kwenye RAM 4 na hadiski, hiyo utaita wateja waje kushuhudia ikiwaka. Jaribu kwanza kwa flashi bila kuinstoli uone kama printa inatambulika. Kama printa imegoma basi ibaki na 10 yake ila chomoa mtandao, iwe ya kuchapa tu, na mafaili yatoke kwa flashi moja yenu wenyewe.

Mimi ningekuwa wewe laptopu ya kaunta ningeiandikisha ESU leo hii, kazi zote za nywila za watu zifanyike hapo tu. Ya pili washa Windows Update kwenye Services, iache usiku kwenye wifi ishushe, kwa kuwa tayari ni 22H2 haihitaji ISO, halafu iandikishe kwa akaunti ile ile. Kama hiyo ya pili ina kraki, Defender ikiamka itaidaka, kwahiyo angalia kwanza chini ya laptopu au kwenye BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka), hizo EliteBook nyingi zilikuja na leseni halali ya Pro toka kiwandani na fundi kaipigia kraki juu yake bila sababu. Ukipiga Pro safi ikaingia intaneti inajiaktiveti yenyewe.

Halafu ile elfu 60 ya fundi nunua SSD ya hiyo laptopu ya pili. Utaona tofauti kubwa kuliko window yoyote.

shotiKati

Hapo kwenye SSD sina ubishi. Ila ESU inaisha Oktoba, halafu?

kizaziChaNane

Halafu ndo anunue mashine ya kaunta ya kizazi cha nane, ana miezi ya kudunduliza. Mtoa mada ukifika dukani usidanganywe na jina. 840 G5 nyingi ni kizazi cha nane, i5-8250U au 8350U, lakini zipo G5 zilizotoka na i5-7300U na hiyo haimo kwenye orodha ya 11. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa Processor mwenyewe, na BIOS Mode iwe UEFI. Halafu andika tpm.msc uone 2.0. Muuzaji akikuharakisha ondoka.

Na kingine, siku ya kuiwasha mara ya kwanza ingia kwa akaunti yako wewe, usimwachie fundi aingie na ya kwake "kwa muda". Kuanzia 24H2 ukiipiga upya ukaingia na akaunti ya Microsoft, diski inajifunga yenyewe kwa BitLocker, na ufunguo wake wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyoingia. Siku BIOS imeguswa mashine inauliza ufunguo, uko kwenye akaunti ya fundi aliyehamia mkoa mwingine na namba haipatikani. Mafaili yote ya duka yamo humo.

mtuWaNairobi

Hiyo ya BitLocker nimeona jamaa ofisini ikimshika, alipoteza kila kitu. Si mchezo.

mamaKopi

Na kabla ya yote bakapu jamani. Hadiski ya nje, mafaili ya Publisher yote sevu na PDF yake pembeni, maana Oktoba hiyo hiyo inakuja.

Mtoa mada

Nimewaelewa wakuu, Mungu awabariki. Ya kaunta nimeshaiandikisha, niliwasha backup ya setingi ikakubali bila kulipa. Ya pili inashusha apdeti toka saa nne, ipo asilimia 38. Desktopu Jumapili na flashi ya Mint, mzeeWaMint nitakusumbua PM.

Swali la mwisho, hiyo SSD ya G3 ninunue ya aina gani, ile bapa kama ya hadiski au ile ya kadi? Dukani wananiambia zote zinaingia.

kizaziChaNane

Hapo hawajakudanganya. G3 ina nafasi ya inchi 2.5 ambayo hadiski imekaa sasa hivi na pia ina nafasi ya M.2, ndo hiyo ya kadi. Weka ya M.2 upige window humo, hadiski uiache kwa mafaili. Hakikisha tu wanakupa saizi ya 2280.